Al-Biruni na Mizani ya Maji

Katika ukurasa huu leo tunamtazama mwanachuoni ambaye jina lake wengi wetu tumelisikia, lakini waliopata kuzisoma kazi zake ni wachache: Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni. Watu wa falaki wanamjua kwa hesabu zake za nyota, na watu wa tarehe wanamjua kwa kitabu chake cha Bara Hindi. Sisi tutamwendea kwa njia ya sonara na mchuuzi, yaani njia ya mizani. Maana bwana huyu, miaka elfu moja iliyopita, alipima dhahabu, fedha, chuma na vito kwa namna ambayo hesabu yake inasomeka mpaka leo bila ya msomaji kujua mawe yake ya mizani yalikuwa mazito kiasi gani. Anayejua taabu ya kugeuza ratili kuwa kilo, na wakia kuwa gramu, ataona kwamba hilo si jambo dogo.

Alizaliwa tarehe 3 Mfungo Tatu mwaka 362 wa Hijra, sawa na tarehe 4 Septemba 973, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, kando ya mto Jayhun. Leo nchi hiyo imo ndani ya Uzbekistan. Hakuwa mtu wa nasaba kubwa, na mwenyewe hakuona haya kulikiri jambo hilo. Bahati yake ilikuwa ni kupata mwalimu, Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa ukoo wa watawala wa Kath na bingwa wa hesabu, ambaye alimfunza kijana huyu kama anayemfunza mwanawe. Alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi alikwisha kupima latitudo ya mji wake kwa kutazama kimo cha jua la adhuhuri.

Mwaka 995 vita viliingia Kath. Mtawala wa Gurganj, mji mwingine wa nchi hiyo hiyo, aliuteka mji na kuuangusha ule ukoo wa mwalimu wake. Al-Biruni alikuwa ameunda duara ya kupimia jua yenye upana wa dhiraa 15, akawahi kuitumia mara moja tu, kisha ikambidi ajifiche na hatimaye akimbie. Alikwenda mpaka Rayy, karibu na pale ulipo mji wa Tehran leo, na huko alikuwa fukara. Inasimuliwa kwamba mnajimu mmoja tajiri wa Rayy alimbishia katika jambo la hesabu na kumdharau kwa sababu ya umasikini wake, ingawa haki ilikuwa upande wa al-Biruni. Baadaye mambo yalipomnyookea, mnajimu yule yule akawa rafiki. Al-Biruni aliyaandika hayo bila ya hasira, kama mtu anayeandika habari za hali ya hewa.

Mwaka 997 tunamkuta tena Kath. Usiku wa tarehe 24 Mei mwezi ulipatwa, na yeye alikuwa amepatana na Abu al-Wafa, bingwa wa falaki aliyekuwa Baghdad, kwamba kila mmoja autazame mahali alipo na kuandika saa. Tofauti ikawa kama saa moja, na kwa saa hiyo wakajua Kath iko mbali kiasi gani mashariki ya Baghdad. Watu wawili, miji miwili, mwezi mmoja, wala hapakuwa na simu.

Katika miaka hiyo hiyo alibadilishana barua na kijana mwingine hodari, Ibn Sina, aliyekuwa Bukhara. Al-Biruni alimpelekea maswali 18, na katika maswali hayo limo moja ambalo kwa mazungumzo yetu ya leo ndilo kubwa: kwa nini barafu huelea juu ya maji? Watu wa falsafa wa zama zile walisema kitu kikipoa hujikusanya na kuelekea chini. Ikiwa ni hivyo, barafu ingezama. Akamuuliza pia kwa nini chupa iliyojazwa maji na kuzibwa hupasuka maji yanapoganda. Ibn Sina alijibu, al-Biruni hakuridhika, na maneno yakawa makali mpaka mwanafunzi wa Ibn Sina akaachiwa kuendeleza mjadala. Leo twajua kwamba maji yanapoganda hutanuka, kwa hiyo barafu ni nyepesi kuliko maji ya ukubwa ule ule, kwa kiasi cha sehemu 8 katika 100. Kijana wa Khwarazm alikuwa ameshaishika ncha ya uzi.

Baada ya hapo alikaa Gurgan, kusini ya bahari ya Kaspi, kwa Amiri Qabus, na karibu na mwaka 1000 akamwandikia kitabu cha tarehe na kalenda za mataifa, al-Athar al-Baqiya. Humo alikusanya miaka ya Waarabu, Waajemi, Mayahudi, Wagiriki, Wakristo wa Sham na wengineo, akaonyesha namna ya kutoa siku katika hesabu ya hawa na kuitia katika hesabu ya wale. Nairuzi imo, ile ya Waajemi ambayo sisi wa pwani tulilipokea jina lake tukalitia katika mwaka wetu. Kazi yote ya kitabu kile ni kugeuza kipimo cha watu hawa kiwe kipimo cha watu wale.

Yapata mwaka 1004 alirejea kwao, safari hii katika mji wa Gurganj, kwa Amiri Mamun aliyempenda na kumfanya mshauri wake. Ni katika mji huu, mto Jayhun unapokaribia ziwa la Khwarazm, ndipo alipofanya kazi ya mizani ya maji.

Kwanza tufahamu tatizo. Kipande cha risasi na kipande cha mti vyaweza kuwa na ukubwa mmoja na uzito mbalimbali kabisa. Uzito wa kitu ukigawanywa kwa ukubwa wake ndio ambao wanafunzi wa skuli huuita densiti. Kupima uzito ni rahisi, mizani ipo. Shida ni ukubwa. Kipande cha dhahabu kilichopindapinda, au jiwe la yakuti lisilo na umbo maalumu, utaupimaje ukubwa wake? Hata ukiupima, utautaja kwa dhiraa ya nani?

Al-Biruni alitengeneza chombo cha umbo la pia, kipana chini na chembamba juu, chenye shingo nyembamba isiyozidi unene wa kidole cha mwisho. Ubavuni mwa shingo alitoboa tundu na kutia kijibomba kilichopinda kuelekea chini, na chini ya kijibomba ikawekwa sahani ya mizani. Chombo hujazwa maji mpaka pale kijibomba kinapoacha kudondosha. Ndipo hutiwa dhahabu iliyokwisha kupimwa, na maji yanayofukuzwa na dhahabu hutoka na kuanguka katika sahani. Maji hayo hupimwa uzito wake. Shingo ilifanywa nyembamba ili hata kitu kidogo kikiingia, maji yapande kwa kiasi cha kuonekana. Taabu yake kubwa ilikuwa ni maji kung'ang'ania ndani ya kijibomba. Aliyewahi kumimina mafuta kwa mrija mwembamba anaijua taabu hiyo.

Sasa angalia werevu uliomo. Hakupima ukubwa hata kidogo. Alipima uzito wa dhahabu, kisha akapima uzito wa maji yaliyo sawa na dhahabu kwa ukubwa, na vyote viwili akavipima kwa mawe yale yale. Uzito mmoja ukigawanywa kwa wa pili, jina la kipimo linajifuta lenyewe. Inabaki namba tupu: dhahabu ni nzito mara kadha wa kadha kuliko maji.

Alitumia mithkali, ambayo kwao iligawanywa katika daniki 6, na kila daniki katika tasuji 4. Aliziweka dhahabu na madini mengine katika kiwango cha mithkali 100. Kwa hesabu zilizohifadhiwa, mithkali 100 za dhahabu zilifukuza maji ya mithkali 5, daniki 1 na tasuji 2. Hiyo ni mithkali tano na robo. Gawanya 100 kwa tano na robo, utapata 19.05. Vitabu vya leo vinasema 19.3. Fedha ilifukuza mithkali 9, daniki 4 na tasuji 1, ambayo hutoa 10.30, na ya leo ni 10.49. Zebaki alipata 13.56, na vitabu vyetu vinasema karibu 13.6. Risasi alipata 11.32, nasi twasema 11.34. Chuma 7.74 kwa 7.87, bati 7.32 kwa 7.29. Mtu huyu hakuwa na kipimajoto, hakuwa na bomba la kioo lililochorwa mistari, wala hakuwa na metali iliyosafishwa kwa umeme.

Na alikuwa mwangalifu wa maji. Imehifadhiwa habari kwamba vipimo vilifanywa kwa maji ya Jayhun, mwanzo wa majira ya kupukutika majani. Kwa nini aliona haja ya kulitaja hilo? Kwa sababu maji hayalingani. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya mto, na maji ya baridi ni mazito kuliko ya moto. Aliyeogelea katika bahari yetu kisha akaogelea mtoni amelihisi hilo kwa mwili wake. Mizani ikiegemezwa juu ya maji, sharti maji yawe yanajulikana.

Sasa tuichukue ile 19.05 tuitie katika vipimo vyetu. Vitabu vya zamani vya Kiingereza, ambavyo baba zetu walivisoma, hutaja densiti kwa ratili katika futi moja ya ujazo. Vitabu vya sasa hutaja gramu katika sentimita moja ya ujazo, au kilo katika mita ya ujazo. Ukitaka kuingia kokote, huna haja ya kujua ila uzito wa maji. Sentimita ya ujazo ya maji ni gramu 1, mita ya ujazo ni kilo 1,000, na futi ya ujazo ni ratili 62.4 hivi. Basi dhahabu ya al-Biruni ni gramu 19.05 katika sentimita ya ujazo, ni kilo 19,050 katika mita ya ujazo, na ukizidisha kwa 62.4 ni karibu ratili 1,189 katika futi ya ujazo. Chuma chake ni ratili 483. Galoni ya Kiingereza ni rahisi zaidi, maana sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 iliifanya galoni kuwa ni mahali pa ratili 10 za maji. Mafuta ya nazi ni 0.92 ya maji, kwa hiyo galoni moja ni ratili 9.2. Debe la galoni nne litakuwa na karibu ratili 37, ambazo ni kilo 16.7. Muuza mafuta anayekuuzia debe na kukuhesabia uzito wa maji amekupunja ratili tatu, na yeye mwenyewe pengine hajui.

Faida ya kazi hii kwa watu wa zama zake ilikuwa sokoni. Dhahabu iliyochanganywa na fedha yaweza kuwa na rangi ya kumridhisha mnunuzi, lakini haiwezi kuyadanganya maji. Mithkali 100 za dhahabu tupu hufukuza maji ya mithkali tano na robo. Zikiwa nusu dhahabu na nusu fedha zitafukuza karibu saba na nusu. Kwa hiyo kito hakivunjwi, sarafu haiyeyushwi, na mchanganyiko unajulikana. Kwa Mwislamu mwenye kutoa zaka jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa nisabu ya dhahabu ni mithkali 20, ambazo wengi leo huzihesabu kuwa gramu 85, na kinachohesabiwa ni dhahabu yenyewe, si shaba iliyofichwa ndani yake.

Katika vito faida ilikuwa kubwa zaidi. Yakuti nyekundu, na lile jiwe jekundu la Badakhshan liitwalo laal, macho ya mnunuzi huyaona kama ndugu wa tumbo moja, ilhali bei zao ni mbali. Namba zake zinayatenganisha: yakuti nyekundu 3.85, laal 3.58. Zumaridi ni 2.75, na akiki, hii ya pete zetu, ni 2.56. Kioo chekundu kikiletwa kwa jina la yakuti hakifiki hata 3, na hapo mazungumzo na mwuzaji yamekwisha.

Risala hii ingaliweza kupotea kama vilivyopotea vitabu vyake vingi. Lakini mwaka 515 wa Hijra, yaani 1121, mwanachuoni mwingine, Abd al-Rahman al-Khazini wa Merv, ambaye asili yake alikuwa mtumwa wa Kirumi, alitunga kitabu kikubwa cha mizani, Mizan al-Hikma, akazinukuu humo hesabu za al-Biruni. Katikati ya karne ya 19 Nicolas Khanikoff, aliyekuwa mwakilishi wa Urusi mjini Tabriz, alikitangaza kitabu hicho kwa wasomi wa Ulaya na Marekani. Walipozigawanya zile mithkali na daniki wakastaajabu kuona namba walizozizoea.

Tukirudi kwenye maisha yake, raha ya Gurganj haikudumu. Mwaka 1017 Amiri Mamun aliuawa katika fitina, na Sultani Mahmud wa Ghazni akaiteka nchi. Al-Biruni na mwalimu wake Abu Nasr walichukuliwa Ghazni, ndani ya Afghanistan ya leo. Hakuwa mfungwa wa minyororo, lakini pia hakuwa mtu wa kwenda atakako. Mwaka 1018 alikuwa katika kijiji kimoja karibu na Kabul bila ya chombo chochote, akachora tao la duara juu ya mgongo wa ubao wa kufanyia hesabu na kupimia jua kwa hilo. Kitabu alichokimaliza mwaka 1025, cha kupima umbali wa miji, shabaha yake mojawapo ilikuwa ni kuujulisha mji wa Ghazni kibla chake.

Mahmud alipokuwa akiingia Bara Hindi na majeshi, al-Biruni alipata kuingia na vitabu. Alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akakaa na wanavyuoni wa Kihindu, na karibu na mwaka 1030 akatoa kitabu chake cha Hindi, ambacho kinaeleza dini na elimu ya watu wale kama wenyewe walivyoziamini, wala hakuficha kwamba vita vya Sultani viliiharibu nchi. Sisi wa pwani tumo ndani ya kitabu hicho, japo kwa mstari mmoja. Akiutaja mji wa Somnath anaeleza kwamba ulipata umaarufu kwa kuwa bandari ya mabaharia, kituo cha vyombo vilivyokuwa vikisafiri baina ya Sofala ya Zanji na Uchina.

Huko huko Hindi, katika ngome ya Nandana, alipanda mlima unaotazama uwanda, akapima kimo chake akapata dhiraa 652 na kitu, kisha akapima upeo wa macho umeshuka kiasi gani chini ya usawa. Kwa pembe hiyo moja, dakika 34, akapata nusu kipenyo cha dunia: dhiraa 12,803,337. Watu husifu sana kipimo hiki na kusema kwamba alikosea kwa kilomita chache tu. Mimi naona sifa hiyo haina mguu imara. Ukisema dhiraa yake ilikuwa sentimita 49.5, dunia inatoka karibu kilomita 6,340, na ya kweli ni 6,371. Ukisema ilikuwa sentimita 54, inatoka karibu 6,910. Ukichukua dhiraa ya mafundi wetu wa nguo, nusu ya wari, unapata 5,850 hivi. Namba ni moja, dunia ni tatu. Njia yake mlimani ilikuwa nzuri, lakini jawabu limefungwa katika urefu wa mkono ambao hatunao tena. Dhahabu yake ya Gurganj haina kifungo hicho.

Mahmud alikufa mwaka 1030, na mwanawe Masud alimtukuza al-Biruni zaidi ya baba yake. Alitungiwa kitabu kikubwa cha falaki, al-Qanun al-Masudi, na inasimuliwa kwamba Sultani alimpelekea zawadi ya fedha mzigo wa ndovu mzima, naye akaurudisha akitoa udhuru kwamba hana haja nayo.

Uzeeni, chini ya Mawdud bin Masud, alirudi kwenye vito na madini akaandika kitabu cha kuvitambua, al-Jamahir. Watu walikuwa wakisema kwamba nyoka akitazama zumaridi hupofuka macho. Al-Biruni alimchukua nyoka, akamvisha mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi, akamning'inizia zumaridi mbele ya macho, kwa muda wa miezi tisa, wakati wa joto na wakati wa baridi. Nyoka alibaki na macho yake, na al-Biruni akaandika hivyo.

Kazi zake zinahesabiwa zaidi ya 140, na nyingi zimepotea. Husemwa kwamba mkono wake haukuiacha kalamu wala jicho lake kitabu ila siku mbili kwa mwaka, Nairuzi na Mihrajani, alipokuwa akitafuta mahitaji ya nyumba. Kitabu chake cha mwisho kilikuwa cha dawa, nacho alikiandika macho na masikio yakiwa yamedhoofu, akisaidiwa na mtu mwingine.

Alifariki Ghazni mwaka 1048 au baada yake kidogo. Kuna faqihi mmoja aliyesimulia kwamba aliingia kumzuru akiwa katika pumzi za mwisho, na mgonjwa akamwomba amweleze tena mas-ala ya mirathi, fungu la mabibi wa upande wa mama, ambayo siku za nyuma walikuwa wameyazungumza. Faqihi alimwonea huruma na kumuuliza kama hiyo ndiyo saa yake. Al-Biruni akamjibu kwamba ni bora aiage dunia akiyajua mas-ala hayo kuliko kuiaga akiwa hayajui. Basi faqihi akayaeleza, naye akayarudia mpaka akayahifadhi. Faqihi akatoka, na alipokuwa bado njiani akasikia kilio kutoka nyumba ile.